Mume wangu ni profesheno wa gofu, ada ya shule nalipa mimi, nifanyeje?

Salamu jamani, nisomeni hadi mwisho na naomba msinitukanie mume. Tuko Kisauni, watoto wawili, mdogo ana miezi minane. Mume wangu alianza kubebea watu mifuko ya gofu huko Nyali akiwa kijana, akajifunzia hapo hapo mpaka akawa awashinda wenye mifuko, sasa mwaka wa nne ni profesheno, yaani acheza mashindano ya pesa. Watu wakisikia gofu wadhani tuna pesa, wallahi hatuna. Mashindano makubwa ni siku nne, zikiisha mbili wanachuja, usipopita hupati hata ndururu na nauli ya treni ya SGR na malazi na hela ya kedi, yule wa kumbebea mfuko, zishaenda. Mwaka huu kasafiri mara tano, kapita mara moja. Ada ya mkubwa nimelipa na pesa za chama.

Sasa kuna hoteli Diani yamtaka afundishe wageni, mshahara wa mwezi. Yeye asema nipe mwaka mmoja tu. Nikiamka usiku namkuta sebuleni awasha tochi ya simu asimuamshe mtoto, apiga kijipira mkekani kuelekea kikombe cha chai, mkono wa kushoto umekuwa mweupe kuliko wa kulia sababu ya ile glavu. Nikiona vile maneno yanipotea. Nisije nikawa mimi ndiye niliyemkatia njia, lakini watoto nao wale nini?

kijana_wa_feri: Dada kwani nani kasema akifundisha ndio basi hachezi tena? Profesheno kufundisha hakumzuii mashindano, wengi ndivyo waishivyo, asubuhi wanafunzi jioni mazoezi yao. Shida ni hiyo Kisauni mpaka Diani, kivuko kila siku kitammaliza, aulize chumba cha wafanyakazi.

Babu Shaka: Mwanamume muache atafute, riziki haina haraka. Ukimbana atacheza na hofu.

mke_wa_baharia: Babu kwa heshima, ada ya shule ina haraka. Dadangu, mwaka ni mrefu na hauna mwisho, ukiisha ataomba mwingine. Kubalianeni idadi, mashindano manne basi, na pesa ya kila moja iwekwe kando kabla hajapanda treni, chama usikiguse tena. Aanze na ya huku pwani, ya Nyali na Vipingo analala kwake. Kenya Open, lile shindano kubwa la gofu, ipo tangu 1967 na hakuna Mkenya aliyewahi kuichukua, sisemi aache, nasema msiweke nyumba nzima juu ya hiyo.

Mwenye uzi: Asanteni sana, Babu na wewe nimekusikia. Nimemuonyesha simu, kasoma kimya mpaka mwisho kisha kaniuliza daftari la matumizi liko wapi. Jumamosi aenda Diani kuulizia chumba. Dada wa baharia, hayo manne niyahesabu msimu huu ama ujao, maana moja tayari kashalipia kiingilio?