SHIKAMOO mita 50 kabla ya mstari wa kumaliza! Wenzangu wa mbio za baiskeli, kundi la umri wa 55 mpaka 59, tumefika huku kweli?

KanyagaTaratibu (mleta uzi)

Wakuu naandika hii jezi bado mbichi kwa jasho, sijaoga, baiskeli nimeiegesha mlangoni na cheni sijaifuta, kwahiyo mtu asije hapa kuniambia nitulie.

Yule jamaa. Jina sitaji na wala sina haja ya kutaja, maana kama umewahi kukimbia kundi letu hata mara moja basi mgongo wako unamfahamu vizuri hata kama macho yako hayajawahi kumwona, huyo mtu makazi yake ya kudumu ni nyuma ya tairi la mwenzake. Miwani ya kijani. Inatosha.

Leo ilikuwa mizunguko sita ya kilomita 10. Mzunguko wa pili tukachomoka wanne, mmoja akapata pancha, tukabaki watatu na kundi liko nyuma yetu kama dakika moja na nusu hivi. Mwenye akili anajua hapo kinachofuata ni nini, mnapokezana, unavuta mbele nusu dakika, unakaa pembeni, unarudi nyuma unapumua, mwenzako naye anakata upepo. Ukishavuka kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare upepo ndio unakula nguvu zako karibu zote, na aliyejibanza nyuma anaokoa kama theluthi nzima ya jasho bila kufanya lolote. Nikampigia kiwiko, ile ishara ya njoo mbele. Hakuja. Nikapiga tena, hakuja. Nimepiga kiwiko mpaka kimeota sugu. Mzunguko wa tatu anasema mgongo unamsumbua. Wa nne anasema goti. Wa tano anasema yeye leo amekuja kunyoosha miguu tu, daktari kamwambia asijichoshe. Yule mwenzetu mwingine akaishiwa pumzi kwenye kilima, nikabaki mimi na kupe wangu.

Nimembeba huyo mtu kilomita zaidi ya 15 peke yangu. Nina miaka 56, ile hesabu ya 220 toa umri inanipa kikomo cha mapigo ya moyo 164 kwa dakika, saa inasoma 171, maana yake mapigo saba nilikuwa nakopa na sijui nitalipa lini.

Sasa mita 50 kabla ya mstari. Hamsini! Mgongo umepona, goti limepona, daktari hayupo. Katoka nyuma yangu upande wa kushoto kama jiwe la manati, na akiwa ananipita, mikono iko chini ya usukani, akageuza shingo, akanitazama usoni, akasema SHIKAMOO.

Shikamoo wakuu. Mtu wa 55 anamwamkia mtu wa 56.

Kupitwa mwishoni nimezoea, nakimbia mwaka wa 19 huu. Kunyonywa upepo nako naweza kumeza, wanyonyaji walikuwepo na watakuwepo. Lakini shikamoo! Tena hakuikata, kaitamka yote imenyooka na ile "oo" ya mwisho kaivuta mpaka anavuka mstari. Mtu anatoa wapi pumzi ya kuamkia watu mita 50 kabla ya mwisho wa kilomita 60? Ile pumzi ni YANGU. Kainyonya kutoka mgongoni kwangu mizunguko minne ndio akaja kunirudishia kwa njia ya shikamoo.

Waandaaji waweke sheria. Sijui sheria gani lakini waweke.

GiaKubwa

Pole sana mkuu, inauma. Swali moja tu kabla hatujaenda mbali. Ulijibu?

KanyagaTaratibu

Mkuu soma uzi. Hoja ni mtu kunyonya upepo mizunguko minne na kisha kumdhalilisha aliyembeba.

GiaKubwa

Nimesoma wote. Hujasema kama ulijibu.

BiSpoku

Mimi nilikuwepo pale pale kwenye mstari nimeshika chupa za maji za mzee wangu. Alijibu. Alisema MARAHABA kwa sauti kubwa na kichwa akatikisa.

Tairi_Bovu

Hahahahaaa uwiii nimeangusha simu

GiaKubwa

Nilijua!! Nilijua tu, mleta uzi akianza kuzunguka zunguka ujue kuna marahaba imefichwa mahali.

KanyagaTaratibu

Mnacheka nini? Mtu akikuamkia unaitika, mimi nimelelewa hivyo tangu sijui hata breki iko wapi, na pale damu yote iko mapajani kichwani hakuna kitu, ulimi ukafanya kazi yake wenyewe. Na hapo ndipo penye uchungu wangu wote, jamaa ALIJUA nitaitika! Marahaba inataka pumzi wakuu. Silabi nne. Nimepitwa kwa nusu gurudumu, na hiyo nusu gurudumu ndiyo hiyo marahaba, nipeni kipimo chochote nitawathibitishia. Hii ni hujuma.

MzeeWaUpepo

Mimi nitasema ukweli hata mkinichukia. Hakuna kanuni popote inayomlazimisha mtu kuvuta mbele. Ni tabia mbaya, ndiyo, lakini siyo kosa. Wewe mwenyewe umekubali kuwa punda mizunguko minne halafu unakuja kumlaumu aliyepanda. Mlipobaki wawili ungeacha kukanyaga. Unaacha kabisa, unamwangalia, naye anakuangalia, wa kwanza kuogopa kundi ndiye anavuta. Au unamchomoa kwenye kilima, maana mnyonyaji faida yake ni tambarare, kwenye mwinuko mkali mwendo ukishuka upepo haumsaidii sana.

KanyagaTaratibu

Kundi lilikuwa dakika moja na nusu nyuma! Ningeacha kukanyaga tungemezwa wote. Na kwenye kilima nilimjaribu mara mbili, mara zote mbili alining'ang'ania. Mgongo mbovu gani huo unapanda mlima hivyo? Mimi nasema ile fremu yake ifunguliwe. Mwaka 2016 kwenye mashindano ya dunia ya saiklokrosi, zile mbio za baiskeli za matope na vikwazo, kule Zolder, Ubelgiji, walikuta mota kwenye baiskeli ya mshiriki, akafungiwa miaka 6. Yakitokea kule kwa vijana wenye macho ya dunia nzima, kwetu wazee tusiokaguliwa na mtu itakuwaje.

Tairi_Bovu

Mota yake ulikuwa wewe mkuu.

PedaliKavu

^^ Uzi ufungwe hapa.

GiaKubwa

Mota inayoitika marahaba 😂😂

Nusu_Karne

Mnamwonea jamaa bure, mimi naungana naye. Huyo Miwani ya Kijani alinifanyia hivyo hivyo mwaka jana, mimi aliniambia "hongera kwa kazi" huku ananipita. Na kwa taarifa yenu hata hiyo 55 hajafika. Ana 54, anatimiza Desemba.

KanyagaTaratibu

NINI???

MzeeWaUpepo

Ni halali hiyo. Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zinachukua mwaka wa mbio unatoa mwaka wa kuzaliwa, mwezi hauhusiki. Ukitimiza 55 tarehe 31 Desemba basi kuanzia Januari mosi ya mwaka huo wewe ni wa 55.

KanyagaTaratibu

Kwahiyo nimeamkiwa na mtu wa 54. Hapana aisee. Hii imekuwa mbaya zaidi.

PedaliKavu

Sasa mkuu kama ana 54 na wewe 56 si ameamkia mkubwa wake? Shida iko wapi?

KanyagaTaratibu

Shida iko mita 50 kabla ya mstari!! Mbona hamnielewi. Angeniamkia asubuhi tunavaa namba ningemwitikia na maji ningempa.

SitiniKasoro

Afadhali wewe umeamkiwa. Mimi nimezaliwa tarehe 2 Januari. Ningetangulia siku mbili tu mwaka huu ningekuwa nakimbia na wa 60, badala yake nasagwa mwaka mwingine mzima na hawa watoto wa 55 wanaoingia wapya kila Januari wamejaa pumzi. Kila mwaka wa tano unatamani uzeeke haraka upande kundi uwe tena kijana wa wazee, ukifika unakuta wenzako wa zamani nao wamefika wote, wamekusubiri pale pale. Nani analeta uzi kuhusu hilo? Hakuna.

DadaMnyororo

Nyinyi mna makundi ya kila miaka mitano halafu mnalia. Sisi wanawake tunapangwa kuanzia 35 mpaka mwenye wajukuu mstari mmoja, filimbi moja, tena tunaachiwa pamoja na wanaume wa 65 kwenda juu kwasababu "mko wachache". Matokeo yakibandikwa nakuta mimi wa 58 nimepangwa chini ya binti wa 36, ndio ushindani gani huo? Na hao wanaume tunaochanganywa nao ukiwapita tu wanafufuka. Mtu alikuwa anakufa kabisa, anayumba, ukimpita anakukimbiza kilomita mbili mpaka akupite halafu anakufa tena mbele yako, unalazimika kufunga breki. Yule Mmarekani Kristin Armstrong alichukua dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, mbio dhidi ya saa, kesho yake anatimiza miaka 43. Mwanamke wa umri huo anashinda dunia nzima, sisi tunaambiwa tuko wachache tukae na wazee.

BiSpoku

Dada umesema kweli tupu. Na choo je? Watu 200 choo kimoja, tena mbali na mahali pa kuanzia.

DadaMnyororo

Usinianzishe na choo.

Tairi_Bovu

Tukirudi kwenye shikamoo, suluhisho ni moja tu, uwe mkubwa kuliko wote. Yule Mfaransa Robert Marchand mwaka 2012 aliweka rekodi ya saa moja, yaani umbali unaoenda uwanjani kwa saa moja, akiwa na miaka 100, kilomita 24.25. Akarudi 2014 na miaka 102 akaivunja mwenyewe, 26.927. Akarudi tena 2017 ana 105, ikabidi afunguliwe kundi jipya la umri, akaenda 22.547. Huyo hata aamkiwe na uwanja mzima anaitika bila kinyongo.

SitiniKasoro

Na alikuwa peke yake uwanjani, nyuma hakuna kupe. Wivu mtupu.

KanyagaTaratibu

Mnaona sasa? 26 kwa saa ana miaka 102 na hakuna mtu alimgeukia mita 50 kabla ya mwisho akamwambia shikamoo. Heshima ilikuwepo.

GiaKubwa

Mkuu heshima ndiyo umepewa na ukaipokea, marahaba ni risiti.

KanyagaTaratibu

GiaKubwa wewe mbio za mwezi ujao usikae nyuma yangu. Nakwambia mapema. Tafuta upepo wako.

Nusu_Karne

Mimi nikuulize jambo lingine mleta uzi, hizo kilomita ulizovuta ulikuwa umeinama, mikono chini ya usukani muda wote? Maana mimi sasa nikikaa chini dakika kumi tu huku mbele panakufa ganzi, sitaki kueleza zaidi kuna akina dada humu.

DadaMnyororo

Eleza tu, hata sisi panakufa ganzi.

PedaliKavu

Hilo ni tandiko. Nilibadilisha matandiko matatu mwaka jana, bado.

MzeeWaUpepo

Wengi mnakalia matandiko membamba kwasababu mmeona ya kwenye baiskeli za vijana. Na mnafikiri laini ndio zuri. Laini kupita kiasi linazama, sehemu ya katikati inainuka inakubana pale pale penye mishipa.

Nusu_Karne

Sasa nitajuaje upana wangu, nimeshamaliza hela kwa kubahatisha.

KanyagaTaratibu

Usinunue tena kabla hujapima mkuu. Chukua kipande cha boksi, lile la karatasi ngumu lenye mawimbi ndani, weka juu ya ngazi au kiti kigumu, kalia, vuta magoti juu kidogo ujikandamize kama dakika moja. Ukiinuka utaona mashimo mawili, ndiyo mifupa yako ya makalio hiyo. Pima katikati ya shimo moja mpaka katikati ya la pili, ongeza kama sentimita mbili, huo ndio upana wa kuanzia. Mimi nilikuwa nakalia tandiko jembamba miaka tisa na ganzi nikadhani ni uzee. Halafu angalia pua ya tandiko isiwe imeelekea juu, weka usawa au ishuke kidogo sana, ikishuka mno unateleza mbele mikono inaumia.

Nusu_Karne

Asante sana mkuu, ngoja nitafute boksi.

BiSpoku

Na mzee wangu nimwambie apime? Analalamika kila Jumapili.

KanyagaTaratibu

Apime. Kila mtu apime. Na akimaliza kupima anitumie namba hapa, kuna watu mifupa iko mbali kuliko wanavyodhani, nitamwambia kama lile alilonalo ni lake au abadilishe.

Nusu_Karne

Nimekaa. Naona shimo moja tu.

KanyagaTaratibu

Umekaa upande. Kaa tena, mgongo wima.