Naomba ushauri: sindano za kujaza makovu ya chunusi

Habari zenu wapendwa. Chunusi sugu zilinitesa miaka 9. Sasa zimekauka, ila mashavu yamebaki na mabonde, na nimechoka kuinamisha uso nikiongea na watu. Daktari wa ngozi amependekeza sindano za asidi ya hayaluroniki, yaani jeli inayochomwa chini ya kovu ili kulijaza. Anasema makovu mapana yenye kingo laini huinuka vizuri. Yale membamba yenye kina, kama yametobolewa, hayasaidiki sana. Baada ya miezi kadhaa dawa huisha, unarudia. Ikikaa vibaya, huyeyushwa kwa sindano nyingine. Kinachoniogopesha: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, hata kupofusha jicho. Mliowahi kuchomwa, mlimuuliza daktari nini kabla ya kukubali? Au nianze kwanza kukatwa nyuzi za ndani ya ngozi zinazovuta kovu chini?