Mkalimani wa ishara kwa Zoom au aje ukumbini? Vikao vya bajeti wadini

KaraniWadi: Wadau, Mkakati wa Fedha wa kaunti, ule waraka wa mwelekeo wa bajeti, lazima ufike bunge la kaunti kabla Februari 28 haijapita, kwa hivyo vikao vya umma vimekaribia. Wadi ni nne, na wakalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya wako mbali. Tuwasafirishe, nauli na malazi juu yetu, au wabaki Nairobi tuwaone kwa Zoom? Zoom ni nafuu sana.

FundiMitambo: Inawezekana, ila usitegemee maikrofoni ya laptopu. Mvua ikipiga mabati mkalimani hasikii kitu. Vuta waya kutoka kwa mixa ya sauti hadi kwenye kompyuta. Projekta nayo mchana ndani ya hema ni bure. Azimeni TV, mwiweke karibu na msemaji.

BiIshara: Mimi ni kiziwi, nimeshakaa kwenye kikao cha Zoom. Mkalimani nilimwona vizuri. Nilipoinua mkono kuuliza kuhusu zahanati, yeye hakuniona, maana kamera ilikuwa imeelekezwa kwa waheshimiwa. Nikaandika swali kwa karatasi, likasomwa watu tayari wanakunywa soda. Kifungu cha 54 cha Katiba kinanipa haki ya kutumia ishara, si kutazama tu. Wekeni kamera ya pili inayotuangalia sisi, na sauti ya mkalimani anaponisemea itoke kwa spika za ukumbi.

MkalimaniKSM: Hapo kwa kamera ndipo wengi huanguka. Hata kwa Zoom tunahitajika wawili, tunapokezana kila dakika 20 hivi. Makabrasha tuyapate mapema, majedwali ya bajeti yana kasi yake. Halafu kuna wazee ambao hawakupita shule ya viziwi, wana ishara za nyumbani kwao. Hao kwa skrini huwapati, lazima mtu akae nao.

JiraniArusha: Huku tunao wakalimani wazuri, niwaunganishe?

MkalimaniKSM: Shukrani jirani, ila ishara zenu si zetu. Watu wetu watapotea.

KaraniWadi: Basi wadi mbili zenye intaneti ya faiba, Zoom na kamera mbili. Zile za mlimani, wakalimani waje wenyewe. BiIshara, utakuja siku ya majaribio? Nauli tutalipa.

BiIshara: Nitakuja, na nitakaa kiti cha nyuma kabisa. Nisipoona vidole, mtafute TV nyingine.