Mrejesho: kinanda cha MIDI sasa kinasikia mkono mwepesi

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini sauti ya piano kwenye kinanda changu cha MIDI (kinachotuma ishara za noti kwa kompyuta au chombo kingine cha sauti) inatoka hafifu mpaka nigonge kwa nguvu zote. Kama mlivyoshauri, nilitazama namba kwanza: velositi, yaani namba inayoonyesha nguvu ya mguso, huenda hadi 127, na mguso wangu wa kawaida haukuvuka 70. Nikaingia kwenye mipangilio ya kinanda chenyewe, nikachagua mkunjo laini, yaani mpangilio unaofanya mguso mwepesi utoe namba kubwa zaidi. Sasa nafika 100 bila kuumiza vidole, na noti ninazogusa kwa wepesi bado zinatoka kwa sauti ndogo, jambo nililohofia zaidi kulipoteza. Velositi isiyobadilika, ambapo kila noti hutoka na nguvu ileile, inafaa ngoma. Kwenye piano inaua hisia kabisa.

Imebaki Do ya katikati, inayoruka hadi 127 hata nikiigusa taratibu. Mkunjo hautibu hilo. Nashuku vumbi kwenye kontakti zake, yaani viguso vya umeme vilivyo chini ya kitufe. Nampelekea fundi asafishe.