Mdogo wangu amepona mguu lakini hakimbii tena, naomba ushauri

Hamjambo wakimbiaji wenzangu. Niko Nakuru, naandika kwa ajili ya mdogo wangu wa miaka 24. Alikuwa kambini Iten, kule juu mita 2,400, akijiandaa kwa marathoni yake ya kwanza. Mwezi wa tatu akaumia kano ya kisigino, akaambiwa apumzike wiki 12. Kisigino kimepona. Yeye hajapona.

Zamani saa kumi na moja alfajiri alishakuwa barabarani. Siku hizi namkuta amegeukia ukuta, usiku kucha hajalala. Akifunga kamba za viatu moyo unamdunda, mikono inatetemeka, anavivua tena. Ugali anaumega mara mbili tu. Juzi aliniuliza, "Nisipokimbia, mimi ni nani?" Nilikosa jibu.

Mama anasema ni uvivu, mjomba anasema amerogwa (mjomba naye kila kitu ni uchawi). Kocha anataka aongeze mazoezi, na hilo ndilo linalonitisha, maana mazoezi kupita kiasi au upungufu wa madini ya chuma mwilini huweza kumlegeza mkimbiaji hivi hivi.

Je, nianze na vipimo vya damu au nimpeleke moja kwa moja kliniki ya afya ya akili? Akisikia neno "akili" anakasirika, anaogopa kuitwa kichaa. Aliyepitia haya, ulimshawishije mtu wako? Na mbio za pole pole jioni, dakika 20 tu, zitamsaidia au aache kabisa kwanza? Nimemuuliza waziwazi kama anawaza kujidhuru, akasema hapana. Hata hivyo nimehamia chumbani kwake.