Ushauri: Nanakili "Wanawake wa Algiers" ya Delacroix, rangi zinageuka tope

KijanaBrashi:
Habari zenu wakuu. Nimetokea kwenye Tingatinga, nimezoea enameli ya mkebe na hadibodi. Sasa najifunza rangi za mafuta za tyubu, na ninachotaka ni michoro yenye hisia, brashi ionekane. Nimeamua kunakili "Wanawake wa Algiers" ya mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix, ile ya 1834 iliyopo makumbusho ya Louvre, Paris: wanawake watatu wamekaa chini, wa nne, mtumishi mweusi, anaondoka huku kageuza shingo. Sura zinafanana kabisa, ila mchoro umepoa. Nikigusa vivuli tu, tope. Zulia ndiyo usiseme. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

FundiKanvasi:
Mkuu, enameli imekudekeza, inakauka upesi. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi ya tyubu hayaruki hewani kama tapentaini, yanaganda kwa kuvuta oksijeni, kwa hiyo tabaka linaweza kukaa bichi siku kadhaa. Ukilipitia pitia, lazima lichafuke. Weka rangi, inua brashi, ifute, ndipo urudi. Chini anza na amba (rangi ya kahawia) iliyolainishwa kwa tapentaini, hiyo haichelewi. Mafuta yaongezeke kwa kila tabaka unavyopanda juu, ukigeuza utaratibu huo rangi itapasuka. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandaze nje.

MamaPaleti:
Mwanangu, zulia limekushinda kwa sababu unachora zulia. Delacroix aliweka nyekundu ubavuni mwa kijani, akaacha jicho la mtazamaji limalize kazi. Itazame ile suruali ya kijani yenye vidoa vidogo vya njano: ukikaa mbali, kijani kinachangamka, lakini hakuna aliyekoroga chochote. Wewe nahisi unatia nyeusi kwenye kila kivuli. Ifiche hiyo tyubu kwanza. Kivuli cha nyekundu kitie kijani kidogo, uone.

Msanii254:
Naunga mkono hilo la kijani, lakini nyeusi haina kosa, shida ni mkono wa kuitia. Mimi ningemwambia aachane na picha nzima. Ile kazi ni sentimita 180 kwa 229, yeye anaitazama kwenye simu! Chapa kipande kimoja kwa ukubwa wa A3, yule mama wa kushoto aliyeegemea mto. Mwanga wote unaingia kutoka upande wake. Tumia brashi pana, na sura iache mwisho.

MamaPaleti:
Kwa kipande nakubali. Nyeusi bado naificha 😄

MzeeWaRangi:
Vijana, mmesahau jambo moja. Delacroix alifika Algiers Juni 1832, akakaa siku chache tu, akaondoka na michoro midogo na kumbukumbu. Picha aliimalizia Paris, kwa hiyo usiichukue kama ushahidi wa maisha ya Waalgeria. Miaka 15 baadaye akairudia mwenyewe. Ile ya 1849 iko Montpellier, Ufaransa, ni ndogo zaidi, chumba kina giza na wale wanawake wamesogezwa mbali. Watu walewale, hisia nyingine kabisa! Kwa hiyo KijanaBrashi, ukimaliza nakala yako igeuzie ukutani, uichore tena bila kuitazama. Utakachokumbuka ndicho kilichokugusa. Mchoraji Picasso naye aliizungukia picha hiyohiyo mara 15, kati ya Desemba 1954 na Februari 1955, na hakuna hata moja inayofanana na ya Louvre.

KijanaBrashi:
Shikamoo mzee, hilo la kugeuzia ukutani sikuwahi kulisikia. Naanza na mama wa mto, bila nyeusi. Swali la mwisho: mafuta ya kitani ya dukani kwa mafundi wa fanicha yanafaa?

FundiKanvasi:
Hapana. Mengi ni yale yaliyochemshwa na kutiwa dawa ya kukausha, baada ya muda yanafifisha rangi kwa unjano. Tafuta yaliyosafishwa kwa ajili ya wachoraji. Chupa ndogo inatosha, maana tabaka la kwanza halihitaji hata tone.