Yule jamaa wa bonanza la shule hapa Lindi: mpira wa mtoto umeurudisha, au bado umeketi siti ya mbele?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka nivumilieni.

Nimetoka sasa hivi uwanjani kwenye lile bonanza la shule za msingi. Mhusika mnamjua. Sina haja ya jina, Lindi hii ndogo, ukipiga chafya Mikumbi unaambiwa pole Mtanda. Yule wa kofia nyeupe, anayeshika maiki kama amezaliwa nayo. Huyo huyo.

Watoto wameitwa saa mbili asubuhi. Yeye katokea saa sita kasoro, ile saa ambayo hata mbuzi anajiingiza chini ya gari kutafuta kivuli. Salamu tu nusu saa. Kasalimia mpaka marehemu. Tukavumilia, tumeahidiwa chemsha bongo na zawadi.

Likaja swali: mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa huku kwetu Lindi, iko wapi leo? Shule nane kimya, na walimu nimewaona wanakagua viatu vyao. Mtoto wa dada yangu, darasa la tano, mfupi mpaka maiki ikabidi ishushwe, akasema: "Berlin, Ujerumani." Akaongeza bila kuulizwa kwamba walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na mizigo ya mifupa ilibebwa vichwani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Bibi yake kapiga vigelegele kilemba kikadondoka.

Akapewa mpira. Mpya, bado unanukia duka. Picha. Picha nyingine, eti jua liko nyuma. Ya tatu na bango la mradi. Ya nne na walimu. Mpira ule umepigwa picha kuliko bibi harusi.

Sasa sikilizeni. Jamaa akainama, sauti ya chini kama anaazima chumvi: "Haya mama, lete huo mpira, kesho tuna shule zingine."

LETE HUO MPIRA.

Mtoto hakuelewa, akaukumbatia. Akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama mnara wa simu. Jamaa akaanza kumbandua vidole. Kimoja. Kimoja. Wakuu, kimoja kimoja, kama anachambua dagaa! Mpira ukaenda siti ya mbele, na nimechungulia mwenyewe, umefungwa mkanda. Sisi tumerudi kwa miguu, mpira umerudi na kiyoyozi.

Mjusi alibebwa na Mjerumani, tukaambiwa ni ukoloni. Mpira je?

Njiani mtoto kaniuliza, "Mjomba, kwani nilikosea jibu?"

Kimoja kimoja, jamani.

korosho_ghafi: Jina tafadhali.

Bint Mikumbi: Jina la nini, kofia nyeupe unadhani wako wangapi? Huyo huyo alituletea katoni za madaftari, tumepiga picha meno yote nje, kufungua katoni ya chini ni magazeti matupu.

Mzee wa Ndoano: Hii chai, tena ya tangawizi. Mpira kufungwa mkanda?

Mleta uzi: Mkuu, nimeona kwa macho yangu mawili.

Mzee wa Ndoano: Hayo hayo yaliyoona jini Mitwero kwenye uzi wako wa juzi?

Baba Pacha: 😂😂😂 naweka kambi hapa.

Dereva Mstaafu: Mtu mzima na ndevu zako unakuja kulia mtandaoni kwa ajili ya mpira. Nunua mmoja, yaishe.

Mleta uzi: SHIDA SIO MPIRA. Shida ni vidole. Kimoja kimoja!

korosho_ghafi: Na wanaotaka mjusi arudishwe, yule ana zaidi ya mita 13 kwenda juu, mtamfunga mkanda siti gani?

Vumbi la Chaki: Mimi ndiye niliyekuwa natazama mnara. Ulitaka nifanye nini? Ningefungua mdomo, Jumatatu naitwa ofisini kujieleza. Tumesimama na watoto tangu asubuhi, soda moja walimu wawili, nauli kutoka mfukoni. Na nyie wazazi msijifanye wema leo. Tangu elimu bila ada ije 2016, mzazi ukimwomba mia ya maji ya kunywa anakwambia serikali imeshalipa.

Mama Watano: Ticha usinianze! Mia ya maji? Mimi nimeombwa ndoo, fagio, jembe, rimu ya karatasi na hela ya mlinzi. Huyo mlinzi mwenyewe nilimkuta amelala, nikamfunika khanga.

Vumbi la Chaki: Jembe ni la bustani, mama.

Mama Watano: Bustani ya nani? Mchicha wenu mnakula na nani?

Kusini Hoyee: Nyie Lindi kwa kulialia tu. Sisi Mtwara UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, imekuja, watoto wa nchi nzima, hatujasikia mtu kanyang'anywa mpira.

Mzee wa Ndoano: Mtwara kaeni kwa kutulia. Gesi kwenu, giza kwenu.

Kusini Hoyee: Angalau tunayo.

Bint Mikumbi: Mnayo nini? Songo Songo iko Kilwa, na Kilwa ni mkoa wa Lindi. Gesi yetu inakwenda Dar tangu 2004, nyie bomba lenu hata kwenye ndoto halikuwepo.

Kusini Hoyee: Haya, na Dar wamewaachia nini? Mpira?

Baba Pacha: 😂😂 huyu kaua.

Dereva Mstaafu: Mimi la kwangu ni boda boda pale stendi, buku mbili mpaka Rahaleo. Hata tairi lenyewe limeona haya.

korosho_ghafi: Afadhali wewe una ya boda. Mimi korosho zangu ziko ghalani, simu ya malipo naisubiri mpaka najua mlio wake.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mpira.

Mama Watano: Mpira upi tena?

Baba Pacha: Wakuu, samahani nje ya mada, ming'oko sokoni leo fungu bei gani?

Bint Mikumbi: Buku. Tena midogo, kama vidole.

Mleta uzi: Usinitajie vidole.